Wiki Sita za Kutembea na Shosho

Mwaka nilipompoteza mtoto, miguu yangu ilikataa kukaa.

Alikuwa msichana, mimba yangu ya kwanza. Alizaliwa miezi yake ikiwa imetimia, ila hakuwa na pumzi. Daktari alitueleza polepole, mimi na mume wangu, kwamba mambo haya hutokea na kwamba hakuna aliyekosea. Nilimwamini, lakini kumwamini hakukunisaidia kitu. Tulimzika. Watu walikuja wakaimba, wakapika, wakaosha sufuria, na baada ya wiki moja wakaenda zao kwa sababu kila mtu ana kwake. Mume wangu naye akarudi kazini Mai Mahiu, anakoziba pancha na kubadilisha magurudumu ya malori yanayoteremka kutoka Nairobi. Alikuwa akija Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Nikabaki Rhonda, mtaa wa mjini tunakopanga chumba, mimi na cherehani yangu.

Nashona yunifomu za shule katika kibanda cha mabati kando ya barabara, hatua chache kutoka tunapoishi. Ni kazi ya kukaa. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Nilikuwa nakaa, napitisha mshono mmoja, wa pili, kisha naanza kuhisi kitu kama siafu wakipanda kutoka nyayo kwenda magotini. Nikijilazimisha, wanapanda hadi kifuani. Basi nainuka. Naacha kitambaa kimebanwa chini ya sindano, naacha mlango wazi, natembea.

Sikuwa na ninakokwenda. Napita mtaa wa Kaptembwo, nashuka hadi kwenye ua wa umeme wa mbuga ya wanyama, naufuata huku nyani wakinitazama kutoka upande wa pili, narudi, nafika kwenye mlango wa kibanda, naona cherehani, nageuka, naanza upya. Nikisimama kununua kitu natikisa mguu. Nikiketi kula nainuka sahani ikiwa nusu. Kuna siku nilizunguka mara tatu kabla ya saa sita. Mteja mmoja alifika mara nne kuchukua sketi ya mtoto wake, akakuta kibanda wazi na mimi sipo, mwisho akaingia akaichukua mwenyewe bila pindo. Nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, "Ni yule wa cherehani. Ameanza kuchanganyikiwa."

Jirani yangu, mama anayepika chapati kwenye kibanda kinachopakana na changu, ndiye aliyempigia shosho.

Shosho ni mama wa mama yangu. Nilikuwa na miaka minne mama alipokwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni, na tangu hapo amekuwa mtu wa kuja na kurudi, sauti ya kwenye simu. Aliyenilea ni shosho, kwenye shamba lake dogo kule Bahati. Yeye ndiye aliyenipeleka shule, yeye ndiye aliyeniuliza kila jioni nimekula nini ingawa alijua, kwa kuwa alikuwa amepika mwenyewe. Wakati ninaousimulia alikuwa ameshapita miaka sabini, na alikuwa bado anapanda viazi, anapalilia na kuchimba.

Alifika Jumanne asubuhi. Nilimkuta mlangoni nikiwa natoka. Alikuwa na mfuko mmoja wa nguo na gunia dogo la sukuma wiki.

"Unaenda wapi?" akaniuliza, kabla hata ya salamu.

"Natembea tu, shosho."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Nilisubiri aseme nirudi ndani. Nilikuwa tayari kumjibu vibaya.

"Haya," akasema. "Ngoja niweke mizigo."

Sikumngoja. Nilikuwa nimefika kwenye kona niliposikia viatu vyake nyuma yangu, vile viatu vyake vya raba vya shambani.

Siku ile nilitembea kwa hasira. Sikutaka mtu. Nilikuwa nimechoka kuambiwa nipumzike, nimechoka kuambiwa Mungu atanipa mwingine, nimechoka hasa na wanawake walionishika mikono na kuniambia kwamba hata wao yaliwahi kuwapata, kisha wanaanza hadithi yao na mimi nabaki nikiwafariji. Nilidhani shosho amekuja na lake. Nikaongeza mwendo ili nisilisikie. Lakini kila nikigeuka namwona, hatua ishirini au thelathini nyuma, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, mkono mmoja kiunoni. Hakuita wala hakuniambia nipunguze mwendo. Alikuwa anasalimia kila mtu aliyekutana naye kana kwamba tuko sokoni Bahati.

"Mathe, unamfukuza nani?" kijana mmoja wa bodaboda akamtania.

"Simfukuzi mtu," nilimsikia akijibu, pumzi ikimkatika. "Huyo mbele ni wangu."

Tukaenda hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asubuhi ananipa uji, nakunywa nimesimama. Nikivuta mlango, yeye ameshavaa viatu. Ilikuwa mwezi wa saba, mvua za jioni zimeanza, njia za Rhonda zimekuwa tope jeusi linalonasa viatu. Hakulalamika kuhusu tope. Alilalamika kuhusu bei ya vitunguu, kuhusu nyani kuangaliwa na serikali kuliko watu, na kuhusu chapati za jirani yangu kuwa na mafuta mengi. Kuhusu mimi hakusema kitu.

Wiki ya pili nilijaribu kumpoteza.

Sijivunii. Tulikuwa ndani ya Kaptembwo, mahali vichochoro vitatu vinapokutana, nikaingia kimoja mbio, nikazunguka nyuma ya kinu cha kusaga unga, nikajibanza pale kati ya ukuta na rundo la mifuko ya pumba. Kutoka pale niliweza kuiona njia panda. Nilimwona akifika. Akasimama. Akatazama kichochoro cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilitegemea ataita jina langu, au atauliza watu, au atarudi nyumbani kuniombea na kunisema kwa mama kwenye simu. Hakufanya hata moja. Alisimama tu katikati, mikono kwenye mfuko wa sweta.

Mvua ikaanza, kwanza rasharasha, halafu ikaja ya kweli. Watu wakakimbilia chini ya vibaraza. Mwenye duka akamwita, "Shosho, ingia huku!" Akamwashiria kwa mkono kwamba hapana. Nilielewa baada ya muda kwa nini hakuingia. Ukiwa kwenye kile kibaraza unaona vichochoro viwili tu. Cha tatu kinafichwa na ukuta. Alikuwa amechagua mahali pekee ambapo angeniona nikitokea kokote.

Alisimama pale karibu nusu saa. Sweta lilimnata mwilini, akawa mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Siafu wangu walikuwa wananichoma miguu yote miwili, lakini nilishindwa kuondoka na nilishindwa kutoka. Mwisho nilitoka. Nilimwendea nikiwa na maneno mengi mdomoni, yote ya kujitetea.

Akaniambia, "Twende?"

Basi. Tukaenda. Alikuwa amelowa chapachapa, na njiani alianza tena habari ya vitunguu.

Kuanzia siku ile nilipunguza mwendo kidogo. Sikumwambia, naye hakusema kwamba ameona. Tukawa tunatembea karibu bega kwa bega, ingawa mara kwa mara miguu ilinitoroka nikajikuta mbele.

Jumamosi moja kina mama wa kanisa walikuja kuniombea. Walikuwa watu wazuri, walileta sukari na unga. Baada ya maombi mmoja wao alimgeukia shosho akamwambia, "Mama, huyu mtoto asiachiwe azurure hivi. Mwambie akae nyumbani."

"Akichoka atakaa," shosho akajibu, akaendelea kumimina chai.

Mume wangu, aliyefika jioni ile akinuka mpira na grisi, alisema yaleyale kwa sauti ya juu zaidi. Alikuwa ameambiwa maneno njiani kutoka steji. "Shosho, kwa heshima, wewe unamharibu. Kila siku mnaonekana barabarani kama watu hawana kwao. Mzuie."

"Nimzuie na nini?" akamuuliza. "Na kamba?"

Kesho yake, Jumapili, badala ya kulala mume wangu alivaa viatu akatoka nasi. Alitembea hadi kwenye ua wa mbuga, pale akakaa juu ya jiwe na kushindwa kuendelea. Ndipo aliponiambia jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu mazishi. "Mimi kule Mai Mahiu nikishika spana nasahau. Mpaka jioni sikumbuki chochote. Halafu najiona mtu mbaya kwa kusahau. Wewe huna spana." Alilia akiwa ameuficha uso kati ya magoti. Nilisimama kando yake nikihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, nikitaka kumshika na nikitaka kuondoka. Shosho ndiye aliyemwekea mkono mgongoni, akanipungia mwingine: nenda, nenda tu. Nikaenda. Hata siku ile aliniruhusu.

Nilianza kuona mambo niliyokuwa siyaoni. Asubuhi moja niliamka nikamkuta amekaa kwenye stuli anajifunga goti kwa kipande cha leso alichokichana. Aliposikia nimeinuka aliteremsha sketi haraka. "Baridi tu hii," akasema. Siku nyingine simu yake ililia tukiwa njiani, akasogea pembeni akaongea Kikuyu kwa kifupi. Nilisikia akisema, "Vitangoja." Ililia tena siku iliyofuata na ile iliyofuata, na jibu lilikuwa lile lile. Nilijua ni mjomba wangu, mwanawe anayeishi jirani naye Bahati. Sikuuliza ni kitu gani kitakachongoja. Wakati ule sikuwa na nafasi ndani yangu ya kuuliza habari za mtu mwingine. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi hadi leo, kwamba alinifuata wiki zote zile bila kuombwa na mimi sikumuuliza hata swali lile dogo.

Jambo jingine nililoliona ni kuhusu njia zangu. Nilidhani natembea ovyo. Haikuwa hivyo. Kulikuwa na barabara moja nisiyoifuata kamwe, inayopanda kuelekea hospitali nilikojifungulia. Nikiikaribia miguu inageuka yenyewe. Shosho alikuwa ameligundua hilo zamani. Kila tulipofika pale alitazama upande ule, kisha akanifuata upande wangu.

Wiki ya sita goti lake lilikataa.

Tulikuwa tumetoka kwenye ua wa mbuga tunarudi. Nilisikia akisema "Aah," sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu. Nilipogeuka alikuwa amejishusha kwenye nyasi zilizolowa, mguu mmoja umenyooka mbele.

"Endelea," akaniambia. "Nitakukuta mbele."

Niliendelea. Naona aibu kuandika, lakini miguu ilikuwa imezoea. Nilienda hatua kama kumi ndipo nikasikia ukimya nyuma yangu. Wiki sita nilikuwa nimesikia viatu vile, na sasa havikuwepo. Nikarudi mbio. Nilifunua sketi na kuondoa kile kitambaa. Goti lilikuwa limevimba likawa kama kabichi, ngozi imevutika, inang'aa.

Nilisimamisha tuktuk. Dereva alinisaidia kumwingiza. "Hospitali gani, madam?"

"Si hospitali, ni nyumbani tu," shosho akawahi. Kisha aliponitazama usoni akasema, "Kuna ile kliniki ndogo ya pale kona. Watanipa dawa ya kupaka."

Nilimtajia dereva ile hospitali nilikojifungulia. Shosho akanishika mkono wa sweta. "Si lazima huko," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi naweza kuvumilia."

"Huko ndiko kuna daktari wa mifupa," nikasema. Nikamwambia dereva aondoe gari.

Tulipita lango. Sitalieleza. Nilitazama goti lake na sikutazama kitu kingine mpaka tulipofika kwenye mabenchi ya kusubiri. Foleni ilikuwa ndefu. Nesi aliniambia mguu uinuliwe, na kwa kuwa hakukuwa na kiti kingine, niliuweka mapajani mwangu. Ulikuwa mzito na wa moto. Hapo nikagundua kwamba siwezi kuinuka. Nikiinuka mguu unaanguka. Siafu wakaja kama kawaida, wakapanda hadi tumboni, hadi kifuani, hadi shingoni. Nilifikiri nitapiga kelele. Nikaukumbatia ule mguu na kuhesabu vigae vya sakafu, nikimaliza naanza tena.

Baada ya muda mrefu alikuja kijana mwenye koti jeupe, mwanafunzi wa udaktari, na karatasi zake. Alikuwa mpole na alikuwa na hofu ya kukosea. Alimuuliza shosho kila kitu kilichoandikwa kwenye ile fomu: anakula nini, anafanya kazi gani, amewahi kufanyiwa upasuaji, amewahi kuugua kifua.

"Umezaa watoto wangapi, shosho?"

"Saba."

Nilifikiri amesikia vibaya. Mjomba, mama, na dada watatu wa mama. Ni watano. Nilikuwa nimewahesabu tangu nikiwa mdogo.

"Walio hai?"

"Watano."

Kijana akaandika, akaendelea kuuliza kuhusu macho. Mimi sikusikia kilichofuata. Alipoondoka nilimgeukia. "Hukuwahi kuniambia."

"Nikuambie nini?"

"Hao wawili."

Alijipanga kwenye benchi, akavuta kitambaa cha kichwa mbele. "Ungewafanyia nini? Wewe ulikuwa na wako."

Tulikaa. Mtu aliitwa, mwingine akaitwa. Kisha nilimuuliza swali la kwanza nililomuuliza kwa wiki sita zote. "Wakati huo ulifanya nini?"

"Nilichuna pareto," akasema. "Watu waliniambia nipumzike, sikuweza. Nilitoka asubuhi nikachuna mpaka maua yakakataa kuonekana. Vidole viliwasha. Nilichuna hata kwenye mistari isiyokuwa yangu."

"Na nani alikuwa na wewe?"

Alitazama mkono wake, kana kwamba bado una rangi ya yale maua.

"Watu walikuwa na kazi zao," akasema mwisho.

Hapo ndipo, katika jengo la pili ng'ambo ya ua, mtoto mchanga alipoanza kulia. Nilikuwa nimeiogopa ile sauti tangu lango. Nilikuwa nimezunguka Rhonda na Kaptembwo wiki hizo zote kuikimbia. Nikaanza kulia mimi pia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mbele ya watu wote wenye plasta na magongo. Sikulia kwa adabu.

"Niondoe mguu?" shosho akauliza.

"Hapana," nikamwambia. "Uache hapo hapo."

Walimtoa maji kwenye goti, wakampa vidonge, na daktari akamwambia wiki tatu bila kutembea wala kuinama. Kesho yake mume wangu aliazima pikapu ya rafiki yake, tukamrudisha Bahati akiwa amekaa mbele kama mgeni wa heshima, akimwelekeza mume wangu barabara ambayo mwenyewe anaijua.

Nilipomaliza kumlaza nilitoka nje kumchumia mboga. Ndipo nilipoona shamba. Mashina ya viazi yalikuwa yamekauka zamani, magugu yamepanda yakayafunika, na mistari yote ilikuwa imezama kwenye maji. Nilichukua jembe nikachimba shina moja. Kilichotoka kilikuwa uji unaonuka. Nikachimba jingine, na jingine.

Mjomba alikuja akasimama ukingoni. Ni mtu wa maneno machache, na siku ile alikuwa na hasira aliyoiweka muda mrefu.

"Nilimpigia kila siku," akasema. "Nilimwambia vimekomaa, aje hata siku moja tu, tutafute watu wavitoe kabla mvua haijakaza. Mimi nilikuwa na vyangu vya kutoa, mkono ni mmoja. Unajua aliniambia nini? Aliniambia, nikimwacha siku moja nitarudi nikute hayuko."

Nilikuwa nimeshika jembe.

"Sikuambii ili ulie," akasema, na sauti yake ikalegea. "Nakuambia ujue." Kisha akavua koti, akachukua jembe la pili, tukaanza kuchimba pamoja, tukitenga vichache vilivyopona.

Niliingia ndani nikiwa na udongo hadi kwenye viwiko. Nilikuwa nimepanga nitakavyosema. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikasema, "Shosho, nimeona shamba."

"Ni viazi," akasema. "Nitapanda vingine mwezi wa tatu."

"Shosho, asante. Kwa yote. Ulivyonifuata..."

"Asante ya nini? Mikono hiyo umeinawa? Usiniguse blanketi."

Nilikaa kwake karibu mwezi. Siwezi kusema nilitulia. Niliamka kila asubuhi na siafu miguuni, lakini sasa walikuwa na pa kwenda: kisimani, shambani, jikoni, kwake na kikombe cha chai, shambani tena. Aliyepata taabu ni yeye. Aliwekwa kwenye kiti mlangoni, mguu juu ya stuli, na sikuwahi kuona mtu asiyejua kukaa kama yule. Alitoa amri kutoka pale hadi koo likakauka. Siku ya nne nilimkuta nyuma ya nyumba, ameshika fimbo, anajikokota kuelekea kwenye sukuma.

"Nani amekuambia utoke?" nikamfokea, na ile sauti iliyotoka ilikuwa yake kabisa, ile ya kunifokea nilipokuwa mtoto.

Aliduwaa. Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, tukashikana pale kwenye magugu ili tusianguke. Tulipomaliza nilitambua kwamba sijacheka tangu mwezi wa tano, tulipomzika mtoto.

Nilirudi Rhonda. Kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa nashona tena, kwanza nusu saa bila kuinuka, halafu saa nzima, na Desemba ilipoleta wazazi na vipimo vyao niliweza kukaa hadi jioni. Mwezi wa tatu nilimtumia mbegu za viazi, nzuri, zilizothibitishwa. Alinipigia kunieleza kwamba ni ndogo mno na kwamba nimedanganywa. Mwaka jana, kwenye ibada ya shukrani kanisani kwake, nilisimama mbele na kusema nataka kumshukuru shosho wangu. Nilipoanza kueleza machozi yakanizidi, na yeye, kutoka benchi ya tatu, akaniambia mbele ya kanisa zima, "Inatosha, watu wana njaa." Kanisa likacheka. Sikumaliza. Pengine ndiyo sababu naandika, kwa kuwa karatasi hainikatizi.

Sasa nina mimba ya miezi saba. Hatujawaambia watu wengi. Siafu wamerudi miguuni, na safari hii wanakuja na hofu ambayo wakati ule sikuijua. Nikikaa kwenye cherehani nasikiliza tumbo badala ya mashine. Kila asubuhi natoka kutembea, taratibu, kwa sababu nesi amesema si vibaya. Mume wangu amehamishia kazi yake mjini, siku nyingine anatoka nami kabla ya kufungua.

Shosho hawezi tena kuja. Goti halikupona vizuri, anatembea hadi kwenye geti lake na kurudi. Lakini saa moja kamili simu inalia, nami nakuwa nimeshafunga mlango.

"Umefika wapi?" anauliza.

"Nimepita duka la dawa."

"Amecheza leo?"

"Amecheza, shosho. Mara mbili."

"Umekula?"

Tunaendelea hivyo, yeye amekaa na mimi natembea, dakika ishirini, thelathini, mpaka salio linakata au anapata la kufanya. Leo alikatiza katikati ya sentensi yangu. Nilisikia simu ikiwekwa chini juu ya kitu kigumu, halafu nikamsikia kwa mbali akimfokea kuku aliyeingia jikoni. Nilingoja nikiwa nimesimama barabarani, simu sikioni, watu wakinipita, mpaka aliporudi na kuuliza, pumzi ikimkatika, nilikuwa nasema nini.